Mkaja wa Mama

Matrah, 9 Machi 1969

Ndugu yangu Suud,

Assalamu alaikum. Sisi wazima, ukiondoa joto lililotangulia mwaka huu na maji ya kisima yaliyozidi chumvi. Ami Ghanim anakusalimu. Duka lake la nguo linakwenda. Bi Sayyida mkewe anakusalimu pia. Magoti yanamsumbua, ulimi haumsumbui. Mimi nipo, nashona kofia, na kila nikienda sokoni wanacheka Kiarabu changu. Tangu tuondoke Unguja kuja huku Arabuni mwaka ule wa mapinduzi, muuza samaki bado ananiita Zinjibariya, kama kwamba ndilo jina alilonipa baba.

Barua hii inapita Kuwait kwa binamu yetu Yaarub, kama zote. Usithubutu kuniandikia moja kwa moja. Bahasha yenye stempu ya Kirusi ikionekana hapa nitaitwa na serikali nikaeleze, nami sina la kueleza, maana hata sijui unasoma nini huko.

Sasa nisikilize. Nasriya, binti wa Ami Ghanim, amekataa mchumba mwengine. Babake alimuuliza anamngoja nani, naye akajibu mbele yetu sote, kichwa juu, "Namngoja Suud." Ami Ghanim akanitazama mimi.

Suud, mimi mjane, nakaa chumba cha uani katika nyumba ya watu na nakula kwenye sinia lao. Hawajanisimanga hata siku moja, lakini mgeni ni mgeni. Ukimuoa Nasriya nitakuwa nakaa kwa wifi yangu. Hilo ni langu mimi, silifichi. Lako wewe ni kwamba msichana anakupenda, na umri wako ni miaka ishirini na saba na unajioshea masufuria. Nijibu ndiyo au siyo, na falsafa waachie walimu wako.

Dada yako,
Shaikha


Leningrad, 2 Mei 1969

Dada yangu Shaikha,

Nakubusu mkono. Barafu ya mtoni imevunjika na watu wanatembea bila kofia kwa furaha, ingawa mimi bado natetemeka. Nimepata barua yako kwa Yaarub, ina alama ya kikombe cha kahawa. Mwambie namshukuru, lakini barua si kisahani.

Jibu ni ndiyo. Siku niliyoondoka Unguja, Nasriya alisimama kwenye ngazi za nyumba yao akaniambia nikirudi na kofia ya manyoya atanicheka. Nimekaa na kicheko kile miaka yote hii. Nimeshamuagiza Yaarub anunue mkaja wa hariri, mwekundu na mweusi, wa Bi Sayyida. Mahari tutazungumza baadaye. Mama ndiye aliyejifunga tumbo baada ya kumzaa na ndiye aliyemnyonyesha, basi haki yake itangulie.

Umesema hujui ninachosoma. Nasoma vitabu vya Kirusi vya karne iliyopita, vya waandishi waliowapenda wakulima. Wengi wao walikuwa watoto wa mabwana wenye mashamba. Walisoma, wakaona haya kwa chakula walicholelewa nacho, wakavaa mashati ya kijijini wakaenda kuishi na wakulima, kuwafundisha na kujifunza kwao. Wakulima wakawashuku. Wengine waliwakamata wakawapeleka polisi.

Kwa tasnifu yangu mimi nimechagua utoto katika vitabu hivyo. Kila nikifungua kitabu namkuta mtoto wa bwana anayetoroka nyumba kubwa kwenda kibandani kula mkate mweusi, na akishakuwa mtu mzima anakikumbuka kibanda kile kuliko kwao. Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Nilikuwa nimemkumbuka Masouda.

Unaikumbuka nyumba yake kule Pemba, bondeni, chini ya shamba letu? Moshi, jogoo mwenye jicho moja, muhogo wa kuchoma kwa chumvi na pilipili. Nilikula kwake kuliko kwetu. Mwanawe Thabit ni rika langu, nasi tukimwita Kijiti kwa ufupi na wembamba wake. Tukipimana ukutani aliishia begani kwangu. Wakati wa karafuu yeye ndiye aliyepanda matawi ya juu, maana hayakuvunjika kwa uzito wake, nami nilimwonea wivu. Sura yangu ya pili inaanza na watoto kama yeye.

Msomee Nasriya habari ya wale wakulima na polisi. Na mwambie kofia ninayo.

Ndugu yako,
Suud


Matrah, 20 Agosti 1969

Suud,

Salamu. Sisi hatujambo. Joto limekuwa kali mno na mbuzi wa jirani amekufa.

Barua yako niliisoma sebuleni, maana barua ya mbali huku ni ya nyumba nzima. Ami Ghanim aliwacheka wale mabwana waliopelekwa polisi mpaka machozi yakamtoka. Mimi nimewapenda hao wakulima. Nasriya alisikia ile ndiyo yako, akainuka akaenda kuteka maji ambayo yalikuwa yameshatekwa. Nilipofika pale unapomtaja Masouda, Bi Sayyida akafurahi kusikia jina hilo, akasema maneno mengi ya zamani.

Mkaja umefika. Umo kwenye sanduku langu, haujatolewa. Nimewaambia tungoje.

Safari yako usiifanyie haraka. Maliza kwanza masomo. Na habari za Masouda usiandike tena, au ukiandika weka karatasi mbali na ile ninayosoma mbele ya watu. Sina zaidi. Nimeshona kofia nyingi na macho yanauma.

Shaikha


Leningrad, 11 Oktoba 1969

Dada yangu,

Natumai macho yamepoa. Hapa theluji ya kwanza imeanguka ikayeyuka, na sote hosteli nzima tunakohoa.

Mwezi wa Machi ulitaka jibu kama mtu ambaye nyumba yake inaungua. Mwezi wa Agosti unaniambia nisifanye haraka. Kuna nini? Ami Ghanim amegeuka? Kuna mchumba tajiri? Nasriya anaumwa? Niambie, maana mimi kukaa sikai na kusoma sisomi.

Au umekasirika kwa ajili ya Masouda? Nimesikia kwa watu wa Mombasa kwamba shamba letu limegawanywa na Thabit kapata ekari zake humo. Dada, yeye ndiye aliyeupanda kila mkarafuu wa pale. Najua wewe ulitoka na sanduku moja na sikuombi ufurahi. Nakuomba tu usimchukie mama yule kwa sababu ya udongo.

Kuna jambo jengine. Mwalimu wangu, Lidia Pavlovna, bibi aliyeona njaa ya vita katika mji huu na hasifu kitu, amesoma sura yangu. Akasema, "Mtoto wa bwana anamkumbuka mama wa kijijini aliyemnyonyesha. Vizuri. Mtoto wa mama yule alinyonya nini?" Hata hao waandishi wangu wengi hawakuuliza. Kisha akaniuliza mimi nilinyonya kwa nani, maana anajua kwamba mama yetu alifariki aliponizaa. Nikamwambia kama baba alivyotuambia siku zote, maziwa ya kopo. Alikuwa anavaa koti lake. Akasimama na mkono mmoja kwenye mkono wa koti akasema, "Kisiwani, wakati wa vita, maziwa ya kopo?"

Dada, wewe ndiye uliyenilea. Alininyonyesha nani?

Suud


Leningrad, 18 Januari 1970

Dada Shaikha,

Nakubusu mkono. Yaarub anasema barua yangu ya Oktoba uliipata, kwa hiyo si kosa la posta. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami usiku na mchana nausubiri huo mshindo.

Nimefuta sura ya pili na kuiandika upya na kuifuta tena. Umwambie Nasriya nini? Sijui. Mwambie bado kofia ninayo.

Suud


Matrah, 3 Machi 1970

Ndugu yangu,

Assalamu alaikum. Huku ni wazima wote. Mvua ilinyesha mara moja, wadi, lile korongo kavu la mlimani, ikashuka na maji ikapita na kuku wa watu. Nimeanza barua hii na kuichana zaidi ya ninavyopenda kukwambia, na karatasi hapa ni ghali. Lakini mficha uchi hazai.

Mama alipofariki ulilia mpaka sauti ikakukauka. Tulikupa maji ya sukari kwa kitambaa. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Baba aliniita akasema nikuchukue bondeni kwa Masouda, kajifungua karibuni. Nikakushusha asubuhi ile, umande bado uko kwenye majani. Masouda alikuwa anamenya muhogo. Alifuta mikono, akamtoa Thabit ziwani akamlaza kwenye mkeka, akakupokea. Hakuuliza kitu. Wewe ulinyonya kama mtu anayedai chake. Tokea siku ile nilikupeleka na kukurudisha mpaka ukaanza kutembea, na baadaye ulikwenda mwenyewe kwa miguu yako.

Baba aliona haya. Alisema mtoto wa nyumba yetu asiwe na mama kwa watu wa shamba, na kwamba tukiulizwa tuseme maziwa ya kopo. Tukasema mpaka tukaamini.

Sasa sikiliza la pili. Nilipokuwa nasoma barua yako sebuleni, nilipolitaja jina la Masouda, Bi Sayyida aliweka kikombe chini akasema, "Masouda yule wa bondeni? Si ndiye aliyemnyonyesha Nasriya wangu, nilipokuwa na homa ya uzazi! Nna deni naye mpaka kufa." Shamba lao lilipakana na letu, wewe unajua, nami mwaka huo nilikuwa nimeshaolewa Unguja, sikuwapo. Niliendelea kusoma barua bila kusikia ninachosoma.

Huna haja ya kuelezwa sheria. Mlionyonya ziwa moja, hata kwa miaka tofauti, ni ndugu, tone na kisima ni sawa, na ndugu hawaoani. Nasriya ni dada yako kama mimi.

Bi Sayyida anajua la binti yake tu. La kwako, aliyebaki kulijua ni mimi, na Masouda mwenyewe aliye ng'ambo ya bahari asiyeweza kutuandikia. Nikinyamaza, ndoa inapita, na kila mtu katika nyumba hii atafurahi. Shetani ananiambia mambo. Ananiambia wametuchukulia shamba, Thabit analima pale penye ukumbi wetu, na hili nalo watuchukulie? Ananiambia mtu wa shamba nani atamhesabu? Kisha Nasriya ananiletea chai chumbani, anakaa kwenye tandiko, ananiuliza Suud alipenda chakula gani utotoni, nami nasema muhogo wa kuchoma.

Kusema nimeshindwa na kunyamaza nimeshindwa. Wewe ndiye uliyesoma. Niambie nifanye nini.

Uliniletea swali la mwalimu wako, mtoto wa yule mama alinyonya nini. Thabit alipewa uji wa mtama. Mtama ulipokwisha, wakampa uji wa muhogo. Ndiyo asili ya Kijiti.

Shaikha


Leningrad, 29 Aprili 1970

Dada,

Salamu nitaziweka mwisho, leo haziji mwanzo.

Nimekaa na barua yako wiki nyingi. Nimetembea kando ya mto mpaka viatu vikaingia maji. Sitakudanganya: jibu la kwanza nililoliandika lilikuwa neno moja, nyamaza. Swala zangu huku Mungu ndiye anayezijua. Rafiki zangu wangeniambia maziwa ni chakula, kama mkate, na hakuna watu wanaokuwa ndugu kwa kula mkate mmoja. Nilikuwa nimeshaikunja ile karatasi.

Halafu nikakaa mezani, na sura yangu ilikuwa wazi pale. Nimejaza kurasa nikiwalaumu mabwana wa watu kwamba walilelewa kwa maziwa ya wakulima, wakakua, wakaandika kwa uzuri kuhusu harufu ya moshi na mkate mweusi, na yule mama hawakumhesabu. Nami je? Ziwa la Masouda lilinitosha nisife. Leo nikisema si kitu, kwa sababu nataka mke, nitakuwa nimelifungia tena ndani ya kopo la baba. Sikuweza. Nimechukia kwamba sikuweza.

Nilimwonea wivu Thabit kwa wepesi wake juu ya mkarafuu. Wepesi ule niliunyonya mimi.

Nampenda Nasriya. Nimeandika hivyo mara moja, wala hutaliona tena neno hilo kwenye barua zangu. Waambie, dada. Waambie kwa mdomo wako, wote wakiwepo na yeye akiwepo, asije akasikia jikoni kwa watu. Barua hii usimsomee. Wakikutoa kwenye chumba kile, mwambie Yaarub, atakupokea Kuwait mpaka nimalize.

Wasalimu wote. Macho yako yapumzishe.

Suud


Matrah, 14 Oktoba 1970

Ndugu yangu Suud,

Assalamu alaikum. Barua hii naipeleka moja kwa moja, wala sikupitisha popote. Tangu Julai, sultani alipopinduliwa na mwanawe, nchi imegeuka. Milango ya mji haifungwi tena usiku, watu wanatembea bila taa ya mkononi, kila duka lina redio na kila redio inapiga kelele. Waliosoma nje wanaitwa warudi. Yaarub ameshafika, amenenepa. Ami Ghanim anauza vitambaa vya bendera hata hana nafasi ya kula.

Niliwaambia. Nilingoja mpaka sinia limeondolewa, nikasema lote, tokea umande mpaka kopo. Ami Ghanim alikuwa wa kwanza kutoa sauti. Alisema, "Yule si mtu wa shamba tu? Nani anahesabu hayo?" Bi Sayyida hakumpigia kelele. Alimjibu, "Ghanim, miye nilipokuwa nakufa na mtoto analia, hukuuliza maziwa ya nani." Ikawa ndiyo hukumu. Hapakuhitajika kadhi.

Nasriya aliinuka akaenda jikoni. Tukasikia kinu. Alitwanga bizari mpaka ikawa vumbi, na kinu hakikunyamaza. Kiangazi chote hakusema na mimi. Chai iliendelea kuja chumbani, lakini ilikuwa inaletwa na mtumishi. Mimi nilikuwa nimeshafunga sanduku langu, nikingoja tu mtu aniambie niondoke, na ile kungoja ndiyo iliyonichosha kuliko kuambiwa.

Wiki iliyopita Yaarub alikuja kusema kwamba nawe unaweza kurudi, serikali inataka walimu. Ami Ghanim akakohoa, akauliza utafikia wapi, maana si vizuri sasa, watu watasema. Nasriya alikuwa anakunja nguo. Akasema, "Atafikia hapa. Kaka hafikii kwa watu." Akaendelea kukunja. Baadaye aliniletea chai mwenyewe. Tulilia sote wawili, chai ikapoa, tukainywa hivyo hivyo. Kwa hiyo chumba changu nimebaki nacho, ila si kwa njia niliyoipanga. Na kituko ni hiki: katika huo udugu wenu mpya mimi simo, kwa sababu mimi nilinyonya kwa mama yetu. Wewe na Nasriya na Thabit mmechangia ziwa, nami niliyekubeba nimekaa nje ya mlango. Nimecheka peke yangu.

Yeye anataka akupokee uwanja wa ndege, na hatojifunika mbele yako. Anasema uivae hiyo kofia, joto au si joto, aliahidi kukucheka.

La mwisho. Nilimrudishia Bi Sayyida mkaja wako nikasema sijui tena ni wa nani. Aliukunjua, akaupitisha mkono kwenye hariri, akaukunja. Akasema, "Mkaja hupewa mama aliyenyonyesha. Mpelekeeni." Kuna bibi mmoja anakwenda Mombasa, naye ana mtu wake huko atakayeufikisha Wete, Pemba. Nikaufunga kwa kitambaa cheupe nikakishona. Nilitaka kuandika juu yake umetoka kwa nani, kalamu ikanigomea, maana sikujua nitaje nyumba ipi.

Nasriya akaichukua kalamu. Aliandika, "Kwa mama yetu Masouda, kutoka kwa Suud na Nasriya." Niliyatazama majina yenu mawili mpaka wino ukakauka. Ndivyo nilivyokuwa nikiomba miaka yote hii yakae, ubavu kwa ubavu.

Njoo.

Dada yako,
Shaikha